Macho Makavu

Mjini Tanga nimeitwa majina mengi kwa ajili ya kazi yangu, na hakuna hata moja lililokuwa zuri. Walimu wa zamani waliniita daktari wa vichaa. Wazazi wakiona gari la ofisi limesimama nje ya shule husema amekuja yule mama wa kupima akili, na wapo waliowavuta watoto wao kwa mkono wakaondoka nao kabla sijawafikia. Nyumbani kwetu Chumbageni, ambako babu aliuza vitambaa, baba akauza vitambaa, na kaka zangu wanauza vitambaa mpaka leo, mama akiulizwa binti yako anafanya kazi gani alikuwa akijibu kwa mkato, "Ualimu," kisha akamsogezea mgeni sahani ya kachori. Saikolojia ya elimu yalikuwa maneno marefu mno kwa watu waliokuja kunywa chai.

Nilikuwa wa kwanza kufanya kazi hii katika shule za serikali za huku kwetu. Nalisema bila majivuno, maana kuwa wa kwanza ni kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa akikungoja. Siku niliyoripoti, bwana mmoja wa ofisi ya elimu aliniuliza nitafundisha somo gani. Nikamwambia sifundishi somo. Nawatazama watoto wanaoshindwa kujifunza, natafuta kinachowazuia. Akacheka kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgeni.

"Kinachowazuia ni uvivu, madamu," akasema. "Na dawa yake ile pale."

Nikageuka. Pembeni ya kabati ilikuwa imeegemezwa fimbo. Wiki ile ile nikapewa stoo ya madawati mabovu iwe ofisi yangu, na popo wakawa majirani zangu. Popo hawakuwahi kunisumbua.

Watu hudhani kazi yangu ilikuwa kukaa na watoto. Ingekuwa hivyo ningestaafu nikiwa na furaha. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kukaa na watu wazima ambao tayari wanajua. Mwalimu aliniletea mtoto kama mtu anavyompelekea fundi sufuria iliyotoboka: iangalie, izibe, kesho niikute tayari, na kama haizibiki niambie niitupe. Simlaumu sana. Amesimama mbele ya darasa lililofurika mpaka madirishani, sauti imemkauka, na akitaka kujua kama somo limeingia ana njia moja tu. Anauliza, "Tumeelewa?" Darasa zima linaitika, "Ndiyooo mwalimu!" Ndani ya ile ndiyo mtoto anaweza kujificha shule ya msingi yote, mradi anafungua mdomo wakati wenzake wanafungua.

Msichana ninayetaka kumsema alikuwa amejificha humo mpaka darasa la sita.

Shule yake iko upande wa Pongwe, na mwalimu mkuu wake alikuwa mtanashati, shati limenyooshwa kwa pasi, manukato yake yanakupokea mlangoni kabla yeye hajakupokea. Hakuwahi kunikosea adabu hata siku moja. Nataka hilo lijulikane, maana ndilo lililonichosha zaidi. Mtu akikutukana unajua pa kushika. Huyu alinivutia kiti, akanipangusia vumbi, kisha akaniambia:

"Madamu, nina mtoto amenishinda. Mzito, halafu mjeuri. Ukimsemesha anakukodolea macho hivi, hana hata haya. Mwalimu wa nidhamu amemchapa mpaka mkono umemchoka. Sikio la kufa halisikii dawa."

Huku kwetu kosa hilo si dogo. Mtoto wa kike hufundishwa mapema kwamba mkubwa akisema, macho chini. Anayemtazama mkubwa usoni, tena akaendelea kumtazama, ana macho makavu, na mwenye macho makavu hana mwisho mwema. Nayajua maneno hayo kwa ladha yake. Shangazi zangu waliniambia hivyo kabla sijaota meno ya pili, na waliponiona narudi kutoka chuo kikuu bila mchumba walitazamana tu, wakaona walisema kweli.

Hapakuwa na chumba cha kuzungumzia, basi tukakaa kwenye jiko la uji. Mpishi alikwisha kwenda zake akatuachia moshi. Msichana alikuwa mwembamba, sare imepauka lakini safi kabisa, na alipoketi alinitazama moja kwa moja kama walivyonionya. Nikamuuliza maswali madogo madogo, anakaa na nani, anapenda nini. Akajibu yote sawasawa. Sauti yake tu ndiyo ilikuwa ya juu kuliko chumba kilivyohitaji, na imenyooka, haipandi wala haishuki. Nikiwa nimezoea kutazamwa na watoto, nilichukua muda kugundua kwamba hakuwa akinitazama machoni. Alikuwa akinitazama mdomo.

Nikavuta upindo wa ushungi nikajifunika mdomo na pua, kama mtu anayeukimbia moshi, na kwa sauti ile ile nikauliza, "Asubuhi umekula nini?"

Kimya. Akakodoa macho zaidi, yakaganda kwenye kitambaa.

Nikateremsha ushungi. "Asubuhi umekula nini?"

"Muhogo!" akasema kwa nguvu, akatabasamu, maana hili alilijua. "Na chai ya rangi."

Nilifurahi, siwezi kukataa. Mtu wa kazi yangu akikipata kinachomzuia mtoto hufurahi kwanza. Hasira ilikuja baadaye, nikiwa ndani ya gari. Walikuwa wakimtaka mtoto yule ainamishe macho, na akiyainamisha dunia yote inanyamaza. Akiyainua ili asikie, anachapwa. Miaka yote hiyo, kila siku ya Mungu, alikuwa akichagua kati ya kuwa na adabu na kusikia, na alipochagua kusikia wakamwita mjeuri. Kiziwi ndani ya shule ya serikali, mbele ya walimu waliosomea ualimu, na hakuna aliyeona. Walioona kitu waliona macho makavu.

Alikuwa akilelewa na bibi yake, mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, khitma, ukitaka pilau ya watu wengi upande ule unamwita yeye. Nilimkuta uani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti." Akanitandikia mkeka, akanisemesha kama jamaa, jambo ambalo si kila mtu hulifanya akiona sura ya Kihindi na begi la ofisi.

Nilipomweleza, aliuacha ungo. Akaniambia kwamba mtoto alipokuwa mdogo masikio yalikuwa yakimtoka usaha, akamtilia mafuta ya nazi ya vuguvugu, siku nyingine dawa ya majani aliyopewa na jirani, mpaka yakakauka. Akamshukuru Mungu yamekauka.

"Kumbe mimi nimekuwa nikimfinya mwana wa watu na hasikii?"

"Hukujua, bibi."

"Sikujua." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akauliza, "Lakini mwanangu, mtoto wa kike akiachwa akodolee watu macho, ataolewa na nani?"

Hospitalini daktari alisema masikio yote mawili yameharibika zamani. Alimwandikia vifaa vya kumsaidia kusikia, tukaambiwa havipo, tungoje. Tunangoja bado. Lakini hata bila vifaa dawa ilikuwapo, na haikumgharimu mtu kitu: aketi mbele, mwalimu asiseme akiwa ameelekea ubaoni, na mtoto aachwe amtazame mtu usoni. Hayo tu. Nikawakusanya walimu wa shule nzima, nikawaeleza, nikawaonyesha, nikamwita mwalimu wa nidhamu ajaribu mwenyewe kumsemesha mtoto akiwa nyuma yake. Mwishoni, kwa uchovu, nikajikuta nauliza, "Tumeelewa?"

"Ndiyo, madamu," wakaitika kwa pamoja.

Kwa mwaka mmoja niliwaamini. Mwalimu wa hesabu, binti mdogo aliyetoka chuoni juzi juzi, alimshika mtoto yule kama wake. Alijifunza kusimama pembeni ya ubao, anaandika kwa mkono mmoja na uso ameuelekeza darasani, mpaka shingo ikawa inamuuma. Msichana akaanza kusoma, tena akaanza kupenda kusoma. Nilipopita shuleni alinikimbilia na daftari, akanionyesha alama za vema, akanikodolea mdomo kungoja nitakachosema. Sijawahi kuchagua maneno kwa uangalifu kama nilivyoyachagua kwa ajili ya mtoto yule. Nilikuwa nikifika nyumbani namsimulia mama, na mama, Mungu amrehemu, akaanza kuniuliza mwenyewe, "Yule binti yako wa Pongwe hajambo?"

Sasa niseme habari za kitengo, maana bila hiyo mambo mengine hayaeleweki. Kitengo ni darasa la watoto wenye ulemavu wa akili ndani ya shule ya kawaida. Shule ile haikuwa nacho, na nilihangaika nacho ofisi hadi ofisi mpaka kikapatikana, kwa ajili ya watoto ambao kweli walihitaji kwenda polepole. Kuta zake nilizipaka rangi kwa mikono yangu. Siku ya kukifungua nililia mbele za watu, na mwalimu mkuu akanipa leso yake.

Katika vikao vya elimu siku hizi hakuna neno tamu kama wastani. Shule ikipanda wastani, mwalimu mkuu anapigiwa makofi. Ikishuka, anasimamishwa mbele ya wenzake ajieleze, mtu mzima na mvi zake. Mtoto anayeelekea kuanguka mtihani wa darasa la saba anaivuta shule nzima chini. Mtoto aliye kitengo hahesabiwi. Ukishalijua hilo huhitaji mwanasaikolojia akueleze kitakachofuata.

Msichana wetu hakuwa wa mwisho darasani, wala hakuwa karibu na mwisho. Kilichomponza ni mtihani wa majaribio. Shule zilibadilishana wasimamizi, akaja mwalimu wa shule nyingine ambaye hakuwa na habari naye, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alipokuwa akitoa maelekezo msichana akamtazama usoni. Akamwambia ainamishe macho. Msichana, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa ameambiwa na watu wazima kwamba ana ruhusa ya kutazama, akaendelea kutazama. Yule bwana akaona ameletewa ujeuri, akamnyang'anya karatasi, akamtoa nje. Masomo ya siku ile yote akapata sifuri.

Wakati huo mimi nilikuwa Pangani, kwenye shule za kule Ushongo na jirani zake, nawafundisha walimu namna ya kuwatambua watoto wasiosikia vizuri. Unaweza kucheka, mimi nilishindwa. Niliporudi mambo yalikuwa yamekwisha. Mwalimu mkuu alikuwa amewaondoa darasa la saba watoto aliowaona hatari, akawaingiza kitengo. Mwalimu wa hesabu alipinga, akaambiwa bado mchanga.

Nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu nikiwa na hasira ambayo sikujua kama ninayo. Nikamwambia mtoto yule hana ulemavu wa akili, ana masikio mabovu, na yeye analijua hilo kwa kuwa nilimwambia mimi, ndani ya chumba kile kile. Hakupandisha sauti.

"Madamu, si wewe uliyetuletea kitengo?"

"Si kwa ajili yake."

"Si wewe uliyempima, ukasema ana kasoro?"

"Nilisema hasikii!"

"Basi," akasema, akinipangusia kiti ambacho nilikuwa nimekataa kukikalia. "Kasoro ni kasoro. Sisi tumeufuata utaalamu wako."

Nikapanda mpaka ofisi ya elimu. Bwana wa fimbo alikwisha staafu, mahali pake palikuwa na mwingine, kijana, msomi, anajua maneno yote ninayoyajua. Alinisikiliza kwa makini. Akasema suala ni nyeti, tusiliharakishe, tungoje kwanza matokeo yatoke. Nikamuuliza, yakishatoka yatamsaidia nini mtoto ambaye hatakuwa amefanya mtihani? Akatazama saa yake.

Nikabakiwa na bibi. Mlezi akikataa, nilijiambia, watamrudisha. Nikaenda Pongwe, nikamkuta uani pale pale, na safari hii mkeka ulichelewa kutandikwa.

"Alikuja mwalimu mkuu mwenyewe," akaniambia. "Mpaka hapa. Akavua viatu, akaketi chini, akanishika mikono miwili. Akaniambia, bibi, usijilaumu. Mtaalamu wa serikali amempima mtoto, amesema hawezi. Wewe mwanangu. Akanitajia wewe."

"Sikusema hawezi, bibi. Wallahi sikusema hivyo."

"Sasa mie nishike la nani? Nyote mna elimu, nyote mna maneno mazuri." Hakuwa amekasirika. Laiti angekasirika. "Huko kitengo nimemtoa. Nilikwenda nikamkuta kalala juu ya mkeka mchana kweupe, na wenzake wamelala. Kulala atalala kwangu. Bora ajue kupika, jiko halimuulizi mtu hesabu."

Nilibembeleza. Nilimweleza upya habari ya masikio, habari ya macho, habari ya daftari lililojaa vema. Msichana alikuwa ndani, sikuonyeshwa. Nilipoaga, bibi alinisindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote, akanipa na fungu la mchicha.

Mtihani ukafanyika bila yeye. Matokeo yakatoka, na wastani wa shule ukapanda kuliko ulivyowahi kupanda. Wakafanya sherehe. Niliitwa mgeni wa heshima, na nilikwenda, kwa sababu mwalimu wa hesabu aliniambia kwamba mkubwa wa elimu, aliye juu ya yule kijana wa ofisini, atakuwepo na huenda nikapata nafasi ya kumsemesha juu ya msichana ana kwa ana. Bado nilikuwa na matumaini. Niliwaza kwamba anaweza kurudia darasa la sita na kuanza upya mwakani.

Turubai lilifungwa kwenye uwanja wa shule, meza kuu ikatandikwa vitambaa, na nyuma ya madarasa moshi wa kuni ukawa unapanda. Shehe akasoma dua, tukaitikia amin. Mwalimu mkuu akasimama kuhutubia. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Akawashukuru walimu, akawashukuru wazazi, kisha akanigeukia mimi.

"Na shukrani za pekee kwa mtaalamu wetu, madamu wetu, aliyetuwezesha kuwatambua mapema watoto wenye matatizo, tukawaweka mahali panapowafaa."

Wakanipigia makofi. Mkubwa wa elimu aliinama kidogo kunielekea, akanipigia na yeye. Nilikuwa nimekaa katikati yao na uso wangu, sijui uso ulikuwaje, na kabla sijafungua mdomo wakatangaza chakula.

Pilau aliipika bibi. Ningepaswa kulijua hilo tangu nilipouona moshi. Na aliyekuja kutunawisha, birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, alikuwa msichana wetu. Alikuwa amevaa dera la mtu mkubwa kuliko yeye na ushungi umembana vizuri. Akaanza na meza kuu, kama inavyopasa. Macho yake yalikuwa chini kabisa, kwenye beseni.

"Umemwona, madamu?" mwalimu mkuu akaniambia, akinawa. "Siku hizi ana adabu huyu. Bibi yake kamnyoosha kweli kweli."

Akafika kwangu. Nikanyoosha mikono, akamimina. Nikamwambia, "Hujambo mwanangu?" Akaendelea kumimina. Nikalitaja jina lake. Mikono yangu ilikuwa imekwisha takata na maji yakaendelea kuanguka, maana alikuwa akingoja niiondoe. Sikuiondoa. Nikaweka vidole vyangu vilivyolowa chini ya kidevu chake, nikauinua uso.

Macho yakaja mdomoni mwangu papo hapo. Hakuwa amesahau.

"Unataka kurudi shule?" nikamuuliza polepole.

"Nataka!" akasema, kwa sauti ile yake isiyojua ukubwa wa mahali, na turubai zima likasikia. "Lakini wewe si ndiye uliyesema sina akili?"

Mtu mmoja upande wa wazazi akacheka, akanyamazishwa. Bibi alitoka mbio nyuma ya madarasa, mikono imejaa iliki na masizi, akamfinya msichana begani huku akituomba radhi, "Nisameheni wanangu, mtoto huyu, mtoto huyu." Mwalimu mkuu akasema hapana neno, bibi, hapana neno.

Nikasema sikusema. Nikasema tena, kwa nguvu, nimesimama, wageni wote wananitazama na mkubwa wa elimu ananishika mkono niketi, "Sikusema hivyo, mwanangu, sikusema!" Lakini alikuwa amekwisha inamisha macho, na anammiminia maji mgeni wa pili.